Mtoto Akiwa ICU (Wodi ya Wagonjwa Mahututi): Mambo Ambayo Ndugu Wanapaswa Kuyaelewa

Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 17 Septemba, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliielekeza kwa watoto wachanga na watoto kwa jumla. Malalamiko tunayopokea kutoka kwa ndugu yanaonyesha kuwa mambo kadhaa yanahitaji ufafanuzi.

Wazazi huuliza kwa nini mtoto mahututi hupimwa uzito tena na tena. Dozi ya mtoto hukokotolewa kwa kilo. Mtoto wa kilo 8 anayestahili morfini (dawa kali ya maumivu) miligramu 0.1 kwa kila kilo hupewa miligramu 0.8, ilhali kichupa kimoja huwa na miligramu 10. Nukta ikisogea hatua moja tu, anapata dozi mara kumi na anaweza kuacha kupumua. Kwa sababu hiyo daktari huandika sifuri kabla ya nukta, wala haongezi sifuri isiyo na kazi baada yake, kwani 5.0 iliyoandikwa kwa haraka husomeka 50. Dawa za hatari hukokotolewa na wauguzi wawili, kila mmoja kivyake; hulinganisha majibu, husoma jina na namba ya faili kwenye bangili ya mtoto, ndipo wote wawili hutia saini. Mzazi anayewaona wakirudia hesabu na kuhitimisha kwamba hawajui kazi anakosea sana.

Lipo pia lalamiko kwamba mtoto "ananyimwa dripu". Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu: waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Dripu inayokwenda polepole si uzembe.

Tunasisitiza, na tumekwisha kusema mara nyingi, kwamba ndugu asiweke uji wala dawa ya miti shamba kwenye mpira wa kulishia. Muuguzi huhakiki kwanza kuwa mpira uko tumboni na kichwa cha mtoto kimeinuliwa; uji ukiingia mapafuni, mtoto aliyekuwa akipata nafuu hurudi nyuma.

Mwenye shaka amweleze muuguzi wa zamu papo hapo, kisha kiongozi wa wodi, kisha uongozi wa hospitali kwa maandishi, akitaja tarehe na saa. Tatizo la kitaaluma hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambayo yanaweza kumwonya mhusika, kumsimamisha au kufuta jina lake kwenye rejista. Fomu ya tukio, yaani ya kuripoti kosa lililotokea, inayojazwa wodini ni jambo jingine: hutafuta chanzo cha kosa ili lisijirudie.

Mtoto anapopokelewa, tajeni kila alichopewa nyumbani, miti shamba ikiwemo, na mlete chupa zenyewe. Hakuna atakayewagombeza, na daktari anahitaji kujua hayo kabla ya dozi ya kwanza.