Kusikia Shauri na Kulikataa: Maana Yake kwa Mkristo

Shauri, kama Wakristo wanavyolielewa, ni neno linalomsaidia mtu kuamua lililo jema mbele za Mungu. Si amri. Amri inafunga: usiibe ni usiibe, hakuna mjadala. Shauri humwachia mtu uamuzi, na matokeo yake pia. Ndiyo maana Wakatoliki hutofautisha amri za Mungu na mashauri ya Kiinjili, yaani ufukara, useja na utii, ambayo watawa huyawekea nadhiri bila kila muumini kulazimika kufanya hivyo. Shauri lenyewe ni moja ya mapaji 7 ya Roho Mtakatifu.

Kwa hiyo kusikia shauri si kufanya kila unachoambiwa. Ni kulipokea neno, kulipima na kukubali kwamba huenda likakubadilisha, hata likiwa chungu. Mithali 12:15 inasema njia ya mpumbavu imenyoka machoni pake mwenyewe. Kumbe tatizo la mpumbavu si kukosa washauri. Ameshaamua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Rehoboamu, mwana wa Mfalme Sulemani, katika 1 Wafalme 12. Watu wamekusanyika Shekemu wakiomba jambo moja: nira nzito aliyowatwika Sulemani ipunguzwe. Mfalme mpya anaomba siku 3. Wazee waliomtumikia baba yake wanamwambia awe mtumishi wa watu hawa leo, awajibu kwa maneno mazuri, nao watamtumikia siku zote. Halafu Biblia inasema aliliacha shauri la wazee, akataka shauri kwa vijana aliokua nao. Angalia mpangilio huo: aliliacha kwanza, ndipo akawauliza wengine. Hakuwa akilinganisha mawazo mawili. Alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia alichotaka kusikia. Vijana wakampa maneno ya kujigamba, kwamba kidole chake cha mwisho ni kinene kuliko kiuno cha baba yake. (Mbele ya watu hakulitamka hilo la kidole; alisema tu kwamba ataiongeza nira yao, na kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, yeye atawapiga kwa nge.) Kisha akamtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za kulazimishwa, na watu wakampiga kwa mawe hata akafa. Mfalme alikimbilia Yerusalemu kwa gari lake, na ufalme ukagawanyika.

Je, basi ni kuwasikiliza wazee tu? Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Biblia kwa sehemu kubwa inakubaliana nao. Ila sura inayofuata tu, 1 Wafalme 13, nabii mzee anamdanganya mtu wa Mungu kwamba malaika amesema naye. Yule anamwamini, anavunja agizo alilopewa na Mungu, na simba anamuua njiani. Upande mwingine yuko Naamani, jemadari wa Shamu, aliyeponywa ukoma kwa sababu alikubali kushauriwa na watumishi wake alipokuwa ameshageuka kwa hasira. Umri na cheo ni dalili nzuri, si uthibitisho. Ndiyo maana Paulo aliwaandikia Wathesalonike wayajaribu mambo yote na kulishika lililo jema.

Paulo mwenyewe alikataa shauri, tena la watu waliompenda. Kule Kaisaria, Matendo 21, nabii Agabo alijifunga miguu na mikono kwa mshipi wa Paulo kuonyesha yatakayompata Yerusalemu. Wote wakamsihi asiende. Akaenda. Kwa nini hatumweki fungu moja na Rehoboamu? Kwanza, alikwisha kuyajua: katika Matendo 20 anasema Roho anamshuhudia kwamba vifungo vinamngoja. Hakuliziba sikio onyo. Alilipokea lote kama lilivyo. Pili, na kwangu hili ndilo kubwa, mzigo wa kukataa kwake ulikuwa wa kumwangukia yeye mwenyewe kwanza. Rehoboamu alikataa shauri ili mgongo wa mwingine ubebe. Mtu anayesema “Mungu ameniambia” ili kuukwepa ushauri wa kanisa au wa mwenzi wake angefaa kuulizwa swali hilohilo: nani atalipa ukikosea?

Kuna upande usiosemwa sana, wa yule mshauri aliyekataliwa. Ahithofeli, mshauri wa Mfalme Daudi aliyejiunga na Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi baba yake, ambaye shauri lake lilihesabiwa kama mtu aulizapo neno la Mungu, alipoona Absalomu amefuata la Hushai, mshauri mwingine, alitandika punda wake, akaenda mjini kwake, akatengeneza mambo ya nyumba yake, akajinyonga. Wale wa Kaisaria walimlilia Paulo mpaka akasema wanamvunja moyo, kisha wakanyamaza wakisema mapenzi ya Bwana yatendeke. Safari ilipoanza, baadhi yao walikwenda naye, wakampeleka kwa Mnasoni wa Kipro, apate pa kulala.