Ramani ya Simu na Kumbukumbu ya Njia

Kila muhula wanafunzi wangu wa saikolojia huniuliza kama simu inadumaza akili. Swali hilo huwa silijibu kwa jumla, kwa kuwa akili ni stadi nyingi zilizokaa pamoja. Nawarejesha kwenye stadi moja iliyochunguzwa vya kutosha, nayo ni kujua njia.

Mjini London, anayetaka leseni ya teksi nyeusi hulazimika kukariri mitaa ipatayo 25,000, kazi ya miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake waliwapima madereva hao wakakuta kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalotunza kumbukumbu ya mahali, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Utafiti wa 2011, uliowafuata wanaosomea leseni hiyo tangu mwanzo wa mafunzo, ulionyesha kwamba ukuaji huo uliwatokea waliofaulu tu. Wengi hupenda kuishia hapo, ilhali waliofaulu hao walishindwa na wenzao katika jaribio la kukumbuka mchoro tata.

Ramani ya simu inatupunguzia nini basi? Mwaka 2017 watafiti wa University College London waliwapitisha watu katika mitaa ya Soho, katikati ya London, kwa picha za filamu. Walipojitafutia njia, hipokampasi ilichangamka kila walipoingia mtaa mpya, hasa wenye matawi mengi. Walipofuata maelekezo ya kifaa, mchangamko huo haukuonekana. Kinachopotea, kwa maoni yangu, ni kule kuamua penye njia panda.

Hapa Dar es Salaam, dereva mkongwe wa bodaboda wa Mwenge ukimwambia unakwenda Kariakoo hutazama mawingu kwanza, kwa maana bonde la Jangwani likijaa maji itambidi apite Daraja la Salender na Upanga. Aliyeanza kazi na programu atakufikisha vilevile, pengine upesi zaidi, ila simu ikiisha chaji katikati ya Sinza itabidi asimame kijiweni aulize.

Uchunguzi wa Kanada wa 2020 ulihusisha matumizi makubwa ya vifaa hivi na kushuka kwa kumbukumbu ya mahali, lakini waliopimwa tena baada ya miaka mitatu walikuwa 13 tu, idadi ndogo mno kutolea hukumu. Kwa sasa nawashauri wanafunzi waitazame ramani yote kabla ya kuondoka, waizime sauti, na safari ya kurudi waifanye bila simu.