Vimelea 125: Slaidi ya malaria inavyogeuka kuwa takwimu ya utafiti

Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwamo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Kwa tafsiri yake kuu, mtoto mgonjwa aliyeletwa kituoni alihesabiwa kuwa ana malaria ikiwa joto lake lilifika nyuzi 37.5 na damu yake ilikuwa na vimelea zaidi ya 5,000 katika kila mikrolita. Mstari huo wa 5,000 huamuliwa na jicho la mtu aliyeinamia hadubini, akisoma slaidi, yaani kipande cha kioo kilichopakwa damu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Vimelea vilivyoonekana huzidishwa kwa 8,000, idadi ya seli nyeupe inayokadiriwa katika mikrolita moja, kisha hugawanywa kwa seli nyeupe zilizohesabiwa. Kwa seli 200, mpaka ni vimelea 125. Kosa linalojirudia sana liko kwenye ule mgawanyo. Eneo la mwisho la hadubini lazima lihesabiwe lote, hata seli zikipita 200. Msomaji aliyepata vimelea 126 kwa seli 207, akigawanya kwa 200 kwa mazoea, ataandika 5,040. Jibu sahihi ni 4,870. Mtoto huyo ameingizwa kwenye orodha ya wagonjwa kimakosa, na hakuna kompyuta itakayoligundua kosa hilo ikiwa fomu inadai jibu la mwisho peke yake. Fomu iwe na nafasi ya vimelea na nafasi ya seli. Kuzidisha na kugawanya iachiwe programu.

Vimelea vikiwa chini ya 100 baada ya seli 200, endelea hadi seli 500. Itifaki itamke pia mapema kama itatumika 8,000 au idadi halisi ya seli za mgonjwa. Mtoto mwenye seli 12,000 na vimelea 120 kwa seli 200 ana 4,800 kwa njia ya kwanza, na 7,200 kwa njia ya pili. Njia zote mbili zinakubalika, lakini kuzichanganya ndani ya utafiti mmoja hakukubaliki.

Kabla ya kuhesabu, slaidi yenyewe iwe nzuri. Kwa utafiti, pima damu kwa pipeti, mikrolita 6 kwa tone nene, yaani damu iliyoachwa nzito mahali pamoja. Tone la kukisia kwa jicho huwa zito leo na jepesi kesho. Damu ya kwenye kichupa chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, isichelewe, kwa kuwa vimelea hubadilika umbo vikikaa humo. Slaidi ikauke ikiwa imelala bapa, mbali na vumbi na nzi, wala isikaushwe motoni. Methanoli, ya kugandisha damu kwenye kioo, ni ya tabaka jembamba tu, yaani damu iliyotandazwa. Ikigusa tone nene, seli nyekundu hazitapasuka na vimelea vitafichika chini yake.

Rangi ya Giemsa huchanganywa kwa maji ya bafa ya pH 7.2: asilimia 10 kwa dakika 10, au asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60. Tunapendelea ya pili kwa slaidi nyingi za utafiti, kwa sababu rangi hutoka sawasawa zaidi. Tone moja la maji likiingia kwenye chupa mama, yenye rangi isiyochanganywa bado, rangi yote huharibika polepole. Wakati wa kusuuza, mwaga maji taratibu mpaka utando unaoelea juu uondoke. Ukiuacha utulie kwenye slaidi, chembe zake zitamdanganya msomaji asiye mzoefu.

Kila slaidi isomwe na watu wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake. Wakipishana juu ya kuwapo kwa vimelea, juu ya aina yake, au idadi ikipishana kwa zaidi ya asilimia 25, slaidi iende kwa msomaji wa tatu. Wawili hao wasikutanishwe ili wapatane. Mapatano ya namna hiyo hufuta ushahidi kwamba slaidi ilikuwa na utata.

Kwenye karatasi, 0 maana yake slaidi imesomwa na haina vimelea. Slaidi iliyovunjika haina 0. Andika kwamba haikusomwa na sababu yake. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, jibu la zamani libaki likisomeka, kisha sahihi fupi na tarehe.

Na saa! Muuguzi anaandika damu imetolewa 2:30, yaani saa mbili na nusu asubuhi. Maabara inaandika imepokelewa 08:50. Kwa kompyuta, sampuli iliyosafiri dakika 20 imekaa njiani zaidi ya saa sita, nayo inakataliwa. Chapisha 00:00 hadi 23:59 juu ya kisanduku chenyewe cha fomu, na saa za ukutani, wodini na maabara, zisomeke hivyo hivyo.