Paa linashikwa na nini?

Juzi kati nilikuwa Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba moja ya ghorofa mbili, mwenye nyumba ni bi mkubwa mmoja mkarimu sana, hata sijamaliza kahawa akanipandisha juu akanionyesha chumba. "Mwanangu, hichi chumba kirefu hivi lakini chembamba kama ujia, wazee waliwaza nini? Huu ukuta si uvunjwe tu nipate sebule ya kisasa?" Nikamwambia bibi, kwanza tutazame juu. Tukasimama wawili shingo tumezikunja tunahesabu boriti, moja, mbili, tatu, zimelala kukatiza upana wa chumba toka ukuta hadi ukuta, nyeusi kwa umri. Nikatoa futi nikapima, upana ulikuwa mita mbili na nusu na kidogo. Nikamwambia bibi, kipimo hiki kimetokana na mti.

Kazi yangu ni kukarabati majengo ya zamani, na kila nikiingia kwenye jengo, liwe la kale au la jana, swali langu la kwanza ni hilo hilo: hili paa linashikwa na nini? Ukishapata jibu, mengine yote yanafuata, upana wa vyumba, unene wa kuta, joto la ndani, mpaka namna jengo litakavyokufa. Na ukiniuliza watu wenye maono makubwa kwenye ujenzi ni kina nani, mimi nawaona ni wale waliotazama paa la zama zao wakasema hapana, kuna namna nyingine.

Tuanze na mkoko, mti unaotoa boriti zile. Pwani yote kuanzia Lamu mpaka Kilwa mbao za paa zilitoka mikokoni, delta ya Rufiji ikiwa moja ya vyanzo vikubwa, na wakataji wana majina kwa kila unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ni ngumu kweli na mchwa anaikwepa, lakini si nene, alafu juu yake kunawekwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochanganywa na kokoto, tabaka nzito sana, watu wanaipiga kwa vijiti siku nyingi huku wanaimba mpaka inakaza kama jiwe. Sasa uzito huo wote umelalia kijiti. Na kuna kanuni moja ya uhandisi inayowashangaza wengi: ukirefusha boriti mara mbili, uzito kwa kila mita ukabaki ule ule, kupinda hakuongezeki mara mbili, kunaongezeka mara 16. Ndo maana fundi wa zamani akifika mita mbili na nusu, karibu na tatu hivi, anasimama. Akitaka nafasi zaidi anarefusha chumba upande wa pili, basi. Ndo ukapata zile nyumba za Lamu, ukishapita daka la mlangoni na kiwanda, yani uwanja wa ndani, unakuta vyumba virefu vimepangana kimoja nyuma ya kingine, msana, kisha ndani. Tena kwa kuwa boriti zetu zilisafirishwa kwa majahazi karne kwa karne hadi Ghuba, kule Kuwait wakiziita chandal, ukiingia nyumba ya zamani ya kule upana wa chumba utakukumbusha kwenu. Mti wa Rufiji umepima vyumba vya watu ambao hata hawajawahi kuuona umesimama.

Sasa fikiria uko Kilwa Kisiwani miaka ya 1310 na kitu, wewe ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, inapita mikononi mwako, na una msikiti wa Ijumaa ambao ni mdogo. Ule wa mwanzo, upande wa kaskazini, ulikuwa na paa bapa limeshikwa na nguzo tisa, tatu kwa tatu, kwa hiyo ndani imegawanyika vipande 16 vidogo vidogo, kisa ni kile kile cha boriti. Yeye akaongeza upande wa kusini, mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa zamani, na huko sehemu nyingi boriti akaziacha. Akajenga matao, na juu ya matao makuba, kwa matumbawe na chokaa.

Hapa nikae kidogo maana ndo patamu. Jiwe na chokaa vinapenda kukandamizwa, havipendi kuvutwa, ukivivuta vinapasuka. Boriti inapobeba mzigo, upande wake wa chini unavutwa, mti unavumilia, jiwe halivumilii. Kwa hiyo ukitaka kufunika nafasi kwa jiwe inabidi upate umbo ambalo kila kipande kinamsukuma mwenzake na hamna anayevutwa, na umbo hilo ni tao, na tao ukilizungusha unapata kuba. Unajenga kwanza umbo la mbao, unapanga mawe juu yake kwa chokaa, unasubiri ikaze, alafu unatoa mbao kwa moyo unaodunda. Chokaa yenyewe inatoka kwenye matumbawe hayo hayo, unapanga magogo duara kubwa, unamwaga matumbawe juu, unachoma mpaka yaive, unayamwagia maji yanafumuka kuwa unga mweupe na kuiacha itulie muda mrefu kabla ya kuitumia. Yani bahari ndo ilitoa jiwe na gundi yake. Na kwa mapambo walichagua tumbawe hai, linalotolewa baharini likiwa laini, unalichonga kwa raha, likikauka linakuwa gumu.

Ila kuba lina deni lake, linasukuma kuta kwenda nje. Kuta zisipokuwa nzito za kutosha zinafunguka polepole. Upanuzi ule wa Kilwa uliporomoka baadaye na ukajengwa tena karne ya 15, na wengi wakisikia hivyo wanaona kama aibu, mimi naona vingine kabisa, kwa sababu kuba lake kubwa halikupitwa na lolote Afrika Mashariki mpaka karne ya 19, na anayejaribu kitu ambacho ukanda wake haujawahi kukifanya lazima ajifunze kwa gharama. Pembeni ya kisiwa, juu ya mwamba unaotazama bahari, sultani huyo huyo akaanzisha kasri la Husuni Kubwa, vyumba zaidi ya 100, na bwawa la kuogelea la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta, akaandika habari za ukarimu wake, watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ukienda leo, ingia na ule msikiti mdogo wa makuba, tazama juu darini, utaona mabakuli ya kigeni ya kung'aa yalivyopachikwa kwenye chokaa. Nilipoyaona mara ya kwanza nilisimama pale mpaka msimamizi akaja kunitafuta.

Karne tano na nusu mbele, Zanzibar, Sultani Barghash anajenga Beit al-Ajaib, yani nyumba ya maajabu, 1883. Swali ni lile lile ila jibu lake lilikuja na meli: chuma. Nguzo za chuma cha kusubu zikabeba baraza pana zinazolizunguka jengo lote, na mihimili ya chuma ikasaidiana na boriti ndani, ndo maana kumbi zake ni pana na ndefu kwenda juu kuliko nyumba yoyote ya jirani. Taa za umeme, lifti, watu wakaja kushangaa ndo likapata jina. Lilipona vita ya 27 Agosti 1896, ile ya dakika zisizofika 50, wakati Beit al-Hukm jirani yake liliharibiwa vibaya. Alafu tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu ya mbele ikaanguka na watu wawili wakafariki. Siku ile sikula.

Mimi sikuwa kwenye kazi ile kwa hiyo sisemi habari zake, nasema ninachokiona kwenye nyumba ninazoshika mwenyewe. Nyumba ya matumbawe inapumua, unyevu unaingia ukutani na kutoka kupitia chokaa. Mtu kwa nia njema kabisa anaipiga lipu ya saruji ili ing'ae. Saruji haipitishi, unyevu unabaki ndani, na unakwenda kukaa pale kichwa cha boriti kilipochimbiwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa yule bi mkubwa nilibandua lipu kidogo juu ya dirisha, nikachokoa boriti kwa bisibisi, ikazama yote mpaka kwenye mpini, bila nguvu, kama naichoma keki. Huku chini boriti hiyo hiyo inaonekana nyeusi, nzima, nzuri. Bibi akaishika ile unga unga iliyotoka akanusa, akasema inanuka kisima. Habari ya kuvunja ukuta ikaishia hapo, tukaanza kuongea habari ya chokaa.

Sasa twende Kariakoo. Watu wanaingia pale kila siku kununua nyanya na vitenge na wachache wanaotazama juu, na mimi nawaomba mtazame, kwa sababu lile soko la Dar es Salaam, lililokamilika 1975, limesanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kabisa ukanda huu kusomea usanifu, alisoma Haifa, Israel, akarudi nyumbani. Soko linataka nafasi wazi, watu wapite, mizigo ipite, hewa ipite, hutaki kuta na hutaki msitu wa nguzo. Jibu lake likawa miavuli mikubwa ya zege.

Ngoja nieleze umbo lake maana ukilielewa hutalisahau. Tafuta vijiti viwili vilivyonyooka, vitoboe vitundu kumi kumi, pitisha uzi kutoka kitundu hadi kitundu cha mwenzake mpaka upate kama ngazi ya nyuzi. Sasa shika kijiti kimoja kilale sawa, kingine kiinamishe, upande mmoja juu mwingine chini. Kila uzi bado umenyooka kabisa, lakini ukitazama uso wote umepinda kama tandiko la farasi. Huo ndo uchawi wake: fundi seremala anatengeneza boksi la kumwagia zege lenye umbo lililopinda kwa kutumia mbao zilizonyooka. Na ule mkunjo unaipa nguvu zege jembamba, chukua karatasi ishike ncha moja italegea, ikunje kidogo tu inasimama. Aliyelifanya umbo hili lijulikane dunia nzima ni Félix Candela, Mhispania aliyekimbilia Mexico baada ya vita ya kwao, mgahawa wake wa Los Manantiales kule Xochimilco wa 1958 una paa la zege lenye unene wa sentimita 4 hivi, vidole viwili tu.

Unganisha vipande vinne vya namna hiyo juu ya nguzo moja, kingo zikae juu na katikati pashuke, unapata mwavuli uliopinduliwa na upepo. Mvua ya masika ikishuka haitawanyiki pembeni kuwalowesha wachuuzi, inakimbilia katikati, inashuka, na Amuli akaikusanya kwenye hifadhi ya maji chini ya ardhi. Mti wa zege, unawapa watu kivuli na unakunywa mvua. Mimi hili jengo nalipenda kwa moyo wote na nasikitika wanafunzi wetu wa usanifu wanaijua Sydney Opera House kuliko Kariakoo.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likawaka moto. Zege haliungui kama mbao, lakini likipata joto kali linachubuka, maji yaliyo ndani yake yanageuka mvuke yanatafuta njia ya kutokea, na nondo zikipata moto wa kutosha zinalegea, kwa hiyo baada ya moto ule kulikuwa na hofu kwamba lingevunjwa. Serikali ikaamua jengo la Amuli likarabatiwe na jipya lijengwe pembeni yake. Niliposikia niliwapigia simu wenzangu wawili kuwaambia kama vile nimepata mtoto.

Kwa Francis Kéré nitapita haraka, japo anastahili siku yake. Kazaliwa Gando, Burkina Faso, 1965, akaondoka kijijini akiwa na miaka saba kwa sababu hakukuwa na shule, akaja kusomea usanifu Berlin, na kabla hajamaliza akawa anachangisha hela ajenge shule kwao, ikakamilika 2001. Kuta na dari ni za tofali za udongo walizofyatua wanakijiji wenyewe, na paa la bati kaliinua juu mbali na dari kwa fremu za nondo za kawaida zilizochomelewa. Bati linapata moto, hewa iliyo kati yake na dari inakimbia, ya chini inafuata, joto la darasani linatoka kwa matundu ya dari. Hamna feni. Bati lile lile limetokeza nje kulinda udongo usipigwe na mvua. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, na kwetu huku kuna kazi yake Turkana, kando ya ziwa, chuo cha vijana chenye minara mirefu inayotoa hewa moto juu kama vichuguu vya mchwa.

Bi mkubwa kanipigia jana. Chokaa imefika, mafundi wanaanza Jumatatu, boriti 11 zinabadilishwa, na anataka kujua kama wale vijana wanaopiga dari bado wanazijua zile nyimbo.