Kiseyeye kilimaliza mabaharia wengi kuliko chunusi na dhoruba

Ukikaa na wazee wa pwani wakaanza stori za bahari utasikia habari za chunusi, yule jini wa baharini anayevuta watu chini, na huko Ulaya kaskazini nao walikuwa na dude lao Kraken, eti linakumbatia meli nzima linazama nayo. Mimi ni afisa lishe na kila nikitoa elimu nawaambia watu, kwenye zile safari ndefu za zamani muuaji mwenyewe hakuwa na mikono wala meno, alikuwa kiseyeye, yaani kukosa vitamini C tu.

Chukua safari ya Vasco da Gama, yule nahodha Mreno. Aprili 1498 katoka Malindi na mwongoza njia aliyepewa palepale, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikamsukuma, siku 23 kaiona India. Kurudi sasa, hakusubiri kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini ambao ungemrudisha! Kang'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, upepo mara wa mbele mara hamna kabisa, karibu miezi mitatu wako maji matupu. Fizi zikavimba zikafunika meno, mtu hawezi hata kutafuna, wakafa watu kama 30 na kila meli ikabaki na watu 7 au 8 tu wa kufanya kazi. Tarehe 7 Januari 1499 wakafika Malindi na kitu wagonjwa walichokililia ni machungwa, yakaletwa, ila wengi walikuwa wameshachelewa wakafia hapohapo, inaniuma kila nikisoma. Siku chache mbele wakaichoma moto meli yao moja, São Rafael, sababu watu wa kuendesha meli tatu hawapo tena.

Mbuzi mwili wake unajitengenezea vitamini C, sisi hapana, lazima tuile, na akiba yetu ni ya mwezi mmoja hadi mitatu hivi. Bila hiyo mwili haujengi kolajeni, ile gundi inayoshika nyama, ngozi na mishipa ya damu, ndo maana hata kidonda kilichopona zamani kinaweza kufumuka upya.

Mwaka 1747 daktari Mskoti kwenye meli ya jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alichukua wagonjwa 12 akawagawa wawiliwawili, wengine siki, wengine maji ya bahari, wawili machungwa na malimau. Hao wa machungwa ndo waliopona haraka, siku 6 tu mmoja anaweza kurudi kazini. Lakini jeshi la majini la Uingereza likaja kuwapa mabaharia maji ya limau rasmi 1795, miaka karibu 50 baadaye! Na Lind mwenyewe alishauri juisi ipikwe iwe nzito ili ikae, kumbe moto unaua vitamini yenyewe.

Kwa hiyo limau kamulia chakula kikishaepuliwa, usilichemshe na mchuzi. Na kama fizi zinavimba zinatoka damu na vidonda haviponi nenda kituo cha afya wakuangalie, fizi zina magonjwa mengi sio kiseyeye peke yake.