Ukikata meshi, kagua kidonda

Juzi nililetewa kichwa kilichochongwa kwenye ZBrush, programu ya uchongaji wa kompyuta. Kilikuwa meshi, yaani wavu wa nukta na nyuso bapa (poligoni), na kilikuwa kimekatwa shingoni ili kikae bapa, tayari kwa printa ya 3D. Kwa macho, mkato ulikuwa umenyooka kama wa msumeno, lakini programu ya kuandaa uchapaji ilikikataa katakata.

Nilibahatisha tatizo kabla ya kufungua faili, maana miaka yangu ya mwanzo lilinitesa mimi pia. Brashi ya ClipCurve haikati kitu. Huzisukuma nukta zote za upande wa pili mpaka zijipange kwenye mstari uliochora. Kwa hiyo mabega hayakuondoka. Yalibanwa yakawa kama karatasi isiyo na unene. Nilipowasha mistari ya poligoni, kitako chote kilikuwa cheusi tii, tabaka juu ya tabaka. Anayetaka kuondoa nyama kweli atumie TrimCurve, ambayo hukata na kuziba tundu.

Wa Blender, programu nyingine ya 3D, msicheke, nanyi mna yenu. Kamba ya kukatia kwenye hali ya uchongaji hufanya hesabu ya buleani, yaani kutoa umbo moja ndani ya jingine, na hesabu hiyo huuliza swali moja tu: hapa ni ndani au nje? Meshi yenye tundu haina jibu. Yenye nyuso zilizogeuka, za nje zikitazama ndani, hujibu kinyume, na ndipo unapokata sikio ukapoteza kichwa. Basi kabla ya kukata, washa rangi za mwelekeo wa nyuso. Ukiona wekundu upande wa nje, ingia hali ya uhariri, chagua zote, bonyeza Shift+N. Nukta zilizolaliana ziunganishe kwa umbali, kupitia herufi M. Kagua pia macho ya kichwa: watu wengi hutumbukiza tufe la jicho kichwani na kuliacha hivyo, nusu yake ikielea ndani ya fuvu. Haionekani mpaka siku ya kukata.

Baada ya mkato, kile kifuniko kinachoziba kidonda mara nyingi ni uso mmoja mpana wenye pembe kibao. Katikati yake hakuna nukta, kwa hiyo brashi haina cha kushika. Hapo ndipo ninaposuka meshi upya kwa vokseli, yaani vijichemraba vidogo, Ctrl+R. Shida yake ni kwamba ukingo wa mkato hulainika, na vinyweleo vidogo kuliko vokseli hufutika. Ukipunguza vokseli nusu, nyuso huongezeka takriban mara 4, na kompyuta huanza kuhema. Mimi hutunza nakala ya awali, nasuka upya kwa kiasi, kisha narudishia ngozi kutoka kwenye ile nakala. Ila kama umeshaweka Multires (viwango vya kuongeza maelezo madogo), umechelewa: vokseli haifanyi kazi juu yake. Mkato uje kwanza, vinyweleo baadaye.

Kile kichwa nilikikata tena kwa TrimCurve, juu kidogo ya lile tabaka lililobanwa, nikapitisha DynaMesh, usukaji upya wa ZBrush, na kurudishia makunyanzi ya shingo. Kilipungua milimita mbili. Mwenyewe alikipokea, akakigeuza kwenye skrini, akasifu masikio.