Ruger Blackhawk: matundu sita si lazima risasi sita

Wengi hudhani Blackhawk, bastola ya kampuni ya Ruger, ya zamani na mpya ni ileile, na kwamba matundu sita ya silinda yake (sehemu inayozunguka na kubeba risasi) maana yake ni kubeba risasi sita. Sivyo.

Ilitoka Marekani 1955 ikifuata mtindo wa bastola ya Colt ya 1873: kila unapotaka kufyatua, unavuta kwanza nyundo kwa dole gumba. Nyundo ikishuka inaegemea pini ya kufyatulia, na pini hiyo imekaa nyuma ya risasi. Bastola ikianguka na nyundo ikapiga sakafu, risasi yaweza kutoka bila mtu kugusa kifyatulio. Ndiyo maana wazoefu walijaza tano tu, tundu lililo chini ya nyundo likiachwa tupu.

Mwaka 1973 ikaja New Model. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini kifyatulio kinapovutwa. Ukiachia, kinashuka, na nyundo haiifikii pini. Hiyo unaweza kuijaza sita.

Tazama ubavuni: skrubu tatu ni ya zamani, pini mbili (si ile ya kufyatulia) ni mpya. Ila skrubu zisikudanganye. Ruger hurekebisha za zamani bure kwa kuzitia kipande hicho cha chuma, na zikirudi bado zina skrubu zake tatu.